Kura ya Mdogo Wangu Mapafu

Ofisi ya Katibu,
Chini ya Jukwaa, Uwanja wa Timu.
Jumatatu, 14 Septemba

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko mbali, na za wodini kwako? Goti linaendeleaje? Uliniambia linakusumbua ukipanda ngazi, nami nikajua hapohapo kuwa hujaenda kumwona daktari. Muuguzi mzima unaogopa daktari! Nenda, tafadhali. Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini mdomo wake haujapungua nguvu hata chembe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Najua Mapafu alikupigia simu akakwambia mshahara wake umepunguzwa, tena akacheka, nawe ukanitumia ujumbe kuniuliza nimemfanya nini mdogo wangu. Kaa chini basi, nyoosha mguu, nikupe habari yote. Tumeshinda, Mama Mdogo!

Unajua jinsi timu yetu ilivyokuwa hoi. Fedha za televisheni zilikwenda zote kwa vilabu vikubwa, eti wao ndio wanaotazamwa, kana kwamba wanacheza peke yao. Sisi tulibaki na viingilio vya mlangoni, na siku ya mvua hata mlinzi wa mlango hakuja. Wachezaji wangu walikaa miezi bila mshahara. Kipa alikuwa anabeba saruji asubuhi, jioni anafika mazoezini mikono inamtetemeka. Na kila kijana aliyeanza kung'ara alinunuliwa na matajiri wakamkalisha benchi, mradi tu asiwe kwetu. Kamati yetu ikakata shauri: mkutano mkuu wa ligi ukipita bila mabadiliko, timu inafungwa na uwanja unauzwa.

Na Mapafu wetu, wewe mwenyewe unajua, yuko kwa matajiri kuliko wote. Msimu uliopita walitufunga saba, matatu yake. Baada ya mechi akaja humu ofisini na mfuko wa machungwa, anasema ni ya wachezaji wangu, wanaonekana wamechoka. Nilimfukuza yeye na machungwa yake. Kufungwa nilikuwa nimezoea. Kuonewa huruma na mtoto niliyemfunga kamba za viatu ndiko kulikoniuma. Hatukusemezana tena mpaka siku ya mkutano.

Pendekezo tulilopeleka mkutanoni lilikuwa na sehemu mbili. Fedha za televisheni ziwekwe pamoja, kila klabu ipate mgawo sawa, na mshahara wa kila mchezaji utolewe humo kabla ya kitu kingine chochote. Halafu kuwe na ukomo wa mishahara: klabu moja isiruhusiwe kulipa zaidi ya kiasi fulani kwa kikosi chake chote, ili tajiri asiweze kuzoa wachezaji wote akatuachia majina kwenye jezi. Vilabu vidogo tulikuwa saba, vikubwa saba. Kura ya kumi na tano ni ya mwakilishi anayechaguliwa na wachezaji wote wa ligi, na mwakilishi huyo ni Mapafu. Ukomo ukipita, wa kwanza kukatwa ni yeye.

Sasa sikia desturi ya mkutano ule. Viongozi huzungumza kwa kufuata msimamo wa ligi: aliye kileleni anaanza, wa mkiani anamaliza. Na wa mkiani akisimama, wakubwa huinuka kwenda kunywa chai. Hawajifichi wala hawaombi radhi. Mimi ndiye niliyekuwa mkiani, miaka mitatu mfululizo nimehutubia viti.

Safari hii pia nilisimama, nao wakaanza kuvuta viti. Mwenyekiti wa klabu ya Mapafu, tunayemwita Mzee Tai kwa sababu hata jua likiwaka vipi havui tai, akamgusa begani. "Twende chai, kijana. Hapa hakuna jipya." Hakuwa na shaka naye hata kidogo. Nani anapiga kura ya kujipunguzia mshahara?

"Tangulieni, nakuja," Mapafu akajibu. Hakwenda.

Nilikuwa na hotuba ndefu, nikaikunja nikaitia mkobani. Nikaeleza habari za kipa wangu na saruji. Nikaeleza habari za beki aliyecheza na homa kwa kuwa hakuwa na nauli ya kwenda hospitali wala sisi hatukuwa nayo. Sikumtazama Mapafu, maana ningemtazama ningelia, au ningemtukana. Mwisho nikasema mshambuliaji anayewafunga watu wenye njaa hawezi kujua kama yeye ni hodari kweli. Nikaketi.

Wakubwa wakarudi, vikombe mkononi, midomo bado inatafuna. Aliyeongoza mkutano ni mwamuzi mstaafu, jina lake Filimbi, mtu asiyejua kucheka. Akauliza wanaokubali ni nani. Tukanyoosha mikono saba yetu, ileile ya kila mwaka. Kisha Mapafu akanyoosha wake.

Mzee Tai alidhani amekosea. "Mapafu! Wanauliza wanaokubali!"

"Nimesikia, mzee. Nimechaguliwa na wachezaji wote, sikuchaguliwa na mguu wangu."

Filimbi alihesabu, akahesabu tena, akagonga meza. Nilipiga yowe la furaha mpaka mpishi wa chai akachungulia kuona nani kaungua. Mzee Tai alilegeza tai, nami nikaiona shingo yake kwa mara ya kwanza. Najivunia mtoto yule, Mama Mdogo, najivunia hadi kifua kinaniuma. Wewe na Mama mlimlea vizuri, na mimi kidogo.

Nje nilimshika mkono nimshukuru, akauvuta. "Sikukupigia kura wewe, dada. Na uwanjani nitakufunga vilevile." Haya, nikamwambia, tutaonana.

Basi msimu mpya umeanza. Kipa ameacha saruji, siku hizi analala mchana kama mtoto mchanga, na mikono imetulia. Kijana wetu wa pembeni alitakiwa na matajiri, lakini ukomo wao umejaa, kwa hiyo yuko kwetu anatusumbua kwa vituko vyake. Uwanja umepakwa rangi. Jumamosi Mapafu na wenzake walikuja, na jukwaa juu ya ofisi yangu lilijaa mpaka vumbi la dari likawa linaniangukia kwenye meza.

Tumewafunga, Mama Mdogo! Mawili kwa moja! Mapafu alipata lake, halafu dakika za mwisho akabaki yeye na kipa, akapiga shuti la kufa mtu, na kipa akaudaka mpira akaukumbatia. Watu walizunguka mji wakiimba mpaka sauti zikakauka. Yangu bado haijarudi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia.

Baada ya mechi mlango wa ofisi ukafunguliwa kwa kishindo. Mapafu, jasho linamtiririka, soksi moja juu na moja chini. "Mmenikamia! Yule beki wenu kanikanyaga mechi nzima! Na penalti tumenyimwa, na wewe umeona!" Akagonga meza yangu, akatoka bila kuaga. Nilikaa pale nacheka huku machozi yananitoka. Miaka yote alikuwa akinionea huruma. Jumamosi alinikasirikia.

Najua atakupigia kunishtaki. Nakuomba, usitupatanishe mpaka mechi ya marudiano ipite.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha, na yule jirani yako mshonaji anayekutazamia nyumba. Mama anakusalimu na anasema goti lile ulipeleke kwa daktari. Mola akupe afya na akurudishe kwetu ukiwa unapanda ngazi za jukwaa mwenyewe.

Mwanao akupendaye sana,
Katibu