Uji wa Wakwe

Jumatatu, 2 Februari 1914
Leo nimewasha moto uani. Uji wa uwele, mwenye njaa aje. Ndugu za mume wangu, marehemu Hasani, wamenuna — nafaka inapanda bei kila treni ikija, ati mie nawapikia watu! Wanune. Mume wangu ghala kaniachia mie. Mvua imekataa kunyesha, toka hapa mpaka Gulwe, watu wanachuna ngozi za ng'ombe waliokufa. Nilale vipi nimeshiba?

Nimemwajiri Yoramu, Mgogo wa misheni, agawe. Kijana mtaratibu. Upawa mmoja kwa kila mtu, wake kwa waume mstari mmoja, na kunywa papa hapa — wakibeba, wanyonge watanyang'anywa njiani. Watu wamenibariki mpaka nikaona haya. Mwongo mie! Sikuona haya, nilifurahi.

Jumatano, 4 Februari
Kuna mama ananitia hasira. Anatoka Ipagala kwa miguu kila siku. Akifika langoni anachungulia, anajifunika uso, anarudi zake. Leo nimemfuata mwenyewe, nikamwuliza, kwani uji wangu una sumu? Kaniambia ameshiba. Ameshiba! Na shingo yote mifupa. Nikarudi nanung'unika: basi afe na jeuri yake. Astaghfirullah.

Na wengine nao wanasimama nyuma kabisa, wanasukumana, halafu wanaondoka hawajanywa. Siwaelewi.

Alhamisi, 5 Februari
Nimeelewa, na nimejichukia.

Nilimwuliza Yoramu yule mama ni nani. Akainama, akawa anakoroga sufuria tupu. Nimemng'ang'ania mpaka akasema: ni mama yake Ruthu. Ruthu ndiye mkewe, yuko Gulwe kwa shangazi yake. Kwao mkwe hali mbele ya mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa huyu apokee uji mkononi mwa mume wa bintiye, anywe watu wakitazama! Yoramu amekuwa akibakiza uji wake, jirani ampelekee mkwewe. Jirani naye ana watoto wenye njaa, uji haufiki.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia?

"Bibi," akasema, "ulikuwa unafurahi sana."

Na si hao wawili tu. Watu wa huku wote wameoana! Mstari wangu umewakusanya wakwe na wakwe, nami nimejishika kiuno nasubiri shukrani.

Jumamosi, 7 Februari
Nimeugawa ua katikati kwa majamvi. Wanaume lango la mbele na Yoramu, wanawake mlango wa jikoni, nagawa mwenyewe. Mama Ruthu amekuja! Kashika kibuyu kwa mikono miwili, kanywa polepole, kisha kaomba nyongeza. Nikalia kama mjinga. Bega linaniuma, wacha liume.

Lakini ghala linaisha. Mavuno mbali bado.

Jumatatu, 9 Februari
Mgeni kashuka kwenye treni. Bwana Henke, Mzungu tajiri wa katani, kutoka Tanga. Mnene, jasho linamtiririka. Alipowaona watoto alitoa leso akalia kweli, si kwa kujionyesha. Mkalimani kasema atatoa behewa zima la mchele. Liko Morogoro, linangoja neno lake tu. Na akiwaonyesha matajiri wenzake wa Ulaya picha, nao watatoa. Nilitaka kumbusu mkono!

Halafu akataka majamvi yaondolewe kesho, kabla hajapeleka neno Morogoro. Picha ioneshe mstari mmoja, wake kwa waume, nami nimesimama mbele. Nikamweleza mambo ya wakwe. Akatabasamu, akasema ni kitambo kidogo tu. Hana ubaya. Wiki iliyopita hata mie ningesema hivyo.

Behewa zima, jamani! Watoto wangefika mavuno.

Nimemwambia Mama Ruthu jikoni. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Niamuru, Bibi, nitasimama. Usiniulize kama nataka."

Chakula kimenishinda leo.

Jumanne, 10 Februari
Asubuhi. Naandika wima, wananiita. Nimevaa hariri — nilitaka nitoke vizuri pichani, niseme nini!

Wapagazi wa Bwana Henke hawakungoja jibu langu. Majamvi wameshayakunja. Kisanduku cha picha kimesimama kwa miguu yake mitatu. Yoramu kashika upawa, kaupa mstari kisogo. Mama Ruthu yumo mstarini, kajigubika nguo kichwani. Nyuma yake mwingine kajigubika, na mwingine. Sasa ni mstari mzima, hakuna uso hata mmoja!

Bwana Henke anauliza wana nini. Hakasiriki, kachanganyikiwa tu, maskini. Anataka waambiwe wafunue. Mkalimani kasema hawatamsikia yeye, watamsikia Bi Swaumu, ndio mie. Wote wanautazama mlango wangu.

Mchele uko Morogoro.

Ushungi nimeuteremsha usoni mpaka kidevuni. Natoka nikasimame nyuma ya Mama Ruthu.