Fyuzi za Chemba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mlio ule. Fyuzi tatu zikigongana mfukoni mwa baba. Kabla ya kupanda nguzo alizing'oa ili umeme ukatike, akapanda nazo. Ndiyo ilikuwa sheria yao mafundi wa umeme: aliyeng'oa ndiye anayerudisha, mwingine hagusi. Likizo za shule nilikuwa namfuata kazini. Nikiusikia mlio kule juu nilijua yuko salama.

Leo mkurugenzi, Mzee Bartolomayo, kaniita. Kampuni inatimiza miaka ishirini na mitano, kinatakiwa kitabu kidogo cha historia. Eti injinia Nasra una Kiswahili kizuri, mwanangu, kipambe hicho kitabu. Kanipa karatasi zake mbili. Ya pili inasema: "2009, Chemba. Fundi mmoja alifariki kwa uzembe wake."

Fundi mmoja. Hassani, baba yangu, aliyeianzisha kampuni hii pamoja na Bartolomayo kwa ngazi moja na baiskeli.

Alhamisi, 7 Agosti

Chamwino, kwa Mzee Damas. Alikuwa msimamizi wa mafundi siku ile. Nikamwamkia. Marahaba, akasema, umechelewa, nakusubiri miaka kumi na sita.

Ilikuwa mashine ya kusaga, imesimama kwa kukosa umeme. Mwenye mashine anafoka, foleni ya wateja imefika barabarani. Bartolomayo akatoa fyuzi za akiba kwenye gari. Damas akamwambia kwamba Hassani bado yuko juu. Akajibu ameshashuka — bila hata kuinua macho. Akazichomeka.

Za baba zilikutwa zote tatu mfukoni mwake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja, mwanangu. Halafu: andika na jina langu. Nimeshastaafu, atanifukuza wapi?

Nimerudi nikaandika yote kwenye ukurasa wa sita kwa pumzi moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemsomea mama ukurasa huo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimwachie Mungu. Nimemwachia Mungu mengine yote. Hili nalitaka mwenyewe. Nataka alitamke kwa mdomo wake mbele za watu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempelekea mkurugenzi kitabu chote akipitie. Anaangalia picha tu. Mbona yangu ndogo, mwanangu, watu si watadhani mimi dereva? Aneth, katibu wake, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Ukurasa wa sita — alilamba kidole, akaupita. Akasaini.

Ningeweza kumwambia. Alininyamazia miaka kumi na sita.

Nikapeleka kwa mchapaji mchana huohuo.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbini. Naandika kiti cha nyuma, kalamu inakwaruza. Upepo umejaza vumbi kwenye vitambaa vya meza. Mzee Bartolomayo yuko mlangoni anapokea wageni, suti mpya. Kanipungia mkono. Nikampungia.

Mama kakubali kuja. Nimemketisha mstari wa mbele, karibu na Damas. Hajaniuliza kwa nini mbele.

Vitabu nimeshaviweka kwenye viti vyote, mia mbili. Ratiba niliipanga mimi: baada ya sala, mkurugenzi atasoma historia ya kampuni kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliipenda sana. Akasema nitasoma mwenyewe, hiyo kazi msimpe mtu.

Sala imekwisha. Anapanda jukwaani, anatafuta miwani.