Kicheche wa Darini

Aune,

Haki ya Mungu, yote yaliyomo humu ni kweli, isipokuwa nilipofuta.

Umechoka kukinga maji yanayovuja tangu alfajiri, sitaki kukuamsha. Mwaga ndoo ikifika nusu. Zulia la harusi ulilomfumia mjukuu wetu nimelitandaza karibu na jiko. Rangi imechuja pembe moja tu. Ile barafu ya ukingoni mwa paa usiigonge kwa shoka. Ugonjwa uko darini.

Nimekagua kwa tochi. Juu ya chumba chako cha kufumia, sufi ya kuzuia joto imefukuliwa. Joto linapenya na kuyeyusha theluji ya paani, maji yanateremka, yakifika ukingoni kwenye baridi yanaganda. Yanayofuata yanakosa njia, yanaingia ndani. ~~Ni kicheche, mkubwa kama ndama. Nimemwona.~~

Uliponiuliza pale ngazini, "Toivo, kicheche huyo anakunywa kahawa kwenye kikombe changu?" niliwasha tochi nikarudi juu.

Ni mimi, mke wangu. Kila dada yako Lempi akija, nasema naenda kukagua dari. Kumbe nimejifukulia mahali pa kukaa, nipate joto la chini. Sijawahi kukagua hata msumari.

Sufi nimeirudisha yote, mgongo hauna hali. Sasa naazima reki ya kukwangulia theluji paani kwa jirani yetu Eino, kisha nampokea Lempi kituoni. Leo nitakaa naye sebuleni mpaka anionyeshe picha ya mwisho ya safari yake.

Ufunguo wa dari umo kikombeni. Kaa nao wewe.

Mumeo,
kicheche