Sayari za Jua Kali

Kariobangi South,
Nairobi.
Juni 9, 2025.

Mpendwa Mama Lenah,

Hapana, dada yangu. Lenah hajaacha shule aende jua kali. Hakuna mabati anagonga na mafundi wa kando ya barabara. Ni hiyo simu yako ya kukatakata imetuletea balaa, ndio maana naandika hii niitume na basi.

Lakini kwanza, mko aje huko? Mgongo wa shemeji Owuor umepoa? Sisi tuko fiti. Mimi bado nauza viatu za mitumba, na nimezidi kupendeza, uliza wateja.

Sasa. Mtoto alisema anasoma "sayari za jua kali," simu ikakata, wewe ukasikia "jua kali" peke yake. Hilo jina nilimtungia mimi, kwa hivyo ukitaka kuchapa mtu, nichape mimi. Ni sayari kubwa ajabu, ziko kwa nyota zingine, na zimekaribia nyota yao mpaka zinachomeka. Mwaka wao unaisha kwa siku chache. Krismasi inarudi kabla hujamaliza kuosha sufuria.

Zilifikaje hapo? Mimi nikasema zilizaliwa hapo. Akanicheka: "Uncle, kwa moto hivyo zingekula nini zinenepe?"

Fikiria binamu yetu Ochola kwa harusi. Ukimpata amekaa karibu na moto wa kupikia na ule mwili, huwezi sema alinenepea hapo. Sayari nayo inanenepea mbali, kwa baridi, penye barafu na gesi ya kumeza. Halafu ama ile gesi na vumbi inayozunguka nyota inaivuta polepole mpaka karibu, ama sayari kubwa nyingine inaipiga kikumbo. Ikipigwa, inazunguka njia ndefu, ikipita karibu na nyota. Kila ikipita, mvuto wa nyota unaipunguzia mwendo, njia inafupika, mpaka inabaki hapo kwa moto.

Wasomi bado wanabishana, na wengine wanasema kama mimi. Unaona?

Jumamosi Lenah na Sagal, rafiki yake wa Eastleigh, wanaeleza haya kwa mashindano ya sayansi. Ni timu ya wawili. Mmoja akikosa, wote wametolewa. Na wewe umesema Ijumaa anarudishwa nyumbani!

Salimia shemeji na watoto wote. Mungu awafunike, na hiyo simu aiguse pia.

Tufanye hivi: usitume mtu amchukue. Kuja wewe Jumamosi, umsikilize. Usipoelewa, narudi na nyinyi nikulimie shamba msimu mzima, na unajua vile mimi na jembe hatuongei. Ukielewa, anakaa kwangu mpaka amalize Form Four. Umekubali?

Ndugu yako, anayekupenda hata ukinuna,
Austine