Pinal na tangazo la Kiswahili safi

Mariya, acha hicho unachofanya. Pinal wa duka la vitenge kamuua baba yake Facebook!

Si wateja walimsema kwamba matangazo yake anayaandika ovyo? Basi leo akachukua Kiswahili safi kuliko chote anachokijua, kile cha misiba redioni. "Familia ya Mzee Mulji wa Iringa inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo..." Juu yake picha ya mzee na koti lake! Habari ya vitenge vipya iko chini kabisa, nani afike huko?

Mama Verediana na wenzake, wateja wa mzee wa siku nyingi, wakashuka kutoka Kilolo, unga wa msiba kichwani, wanalia toka stendi. Toka stendi, Mariya!

Kuingia dukani, mzee huyo hapo anakunywa chai. Mama Verediana akadondosha unga. Pinal kajificha nyuma ya majora.

Mzee akalisoma tangazo taratibu mpaka mwisho. "Limeandikwa vizuri. Usilifute. Na hawa waliokuja kunililia, waonyeshe vitenge."

Wamenunua, shoga! Wamenunua sare ya siku atakayokufa kweli. Rangi kawachagulia mzee mwenyewe.