Sahani ya Baba na Chakula cha Gonta

Murakami, 2 Julai

Kwako Kaka Katsunori,

Nakusalimu kutoka nyumbani, wewe na wifi Noriyo. Natumaini goti lako limetulia na baridi ya Hakodate imewaachia mpumue kidogo. Huku mvua za Juni zimekataa kuondoka. Mikeka inanuka unyevu, na nguo nikizianika asubuhi jioni nazianua mbichi vilevile. Mimi sijambo. Mama hajambo kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Baba mwezi wa kumi, ukiacha ule ujumbe mmoja wa simu, mimi na wewe tumekuwa watu wa kutumiana maneno kupitia Mama, kama majirani waliogombania ua. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe una tabia ya kukata kabla mtu hajafika mwisho, na haya ninayotaka kusema mwisho wake ndio wenye maana. Kwa hiyo soma mpaka chini.

Nianze na Gonta, maana najua ndiye utakayemtafuta kwanza. Yu hai, huyo mbwa wa Baba. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo nane na nusu, sasa ana saba na nusu. Figo zake hazitapona. Daktari Inoguchi alituambia hivyo tangu siku ya kwanza, bila kuzungukazunguka. Alisema mbwa wa miaka kumi na mitatu mwenye figo za namna ile hatibiwi kwa sindano tu, anatibiwa kwa bakuli. Chumvi ipungue, nyama ipungue, na zaidi ya yote yapungue yale madini yaliyojaa kwenye mifupa na samaki, kwa sababu figo zilizochoka haziwezi kuyatoa. Maji yawe karibu naye saa zote. Akatupa mfuko wa chakula cha wagonjwa, punje za kahawia zinazonuka kama boksi lililolowana.

Gonta alizinusa, akanitazama, akaenda zake kulala mbele ya picha ya Baba.

Nilirudi kwa daktari nikidhani nitapewa chakula kingine. Akanicheka. Alisema hata yeye akibadilishiwa chakula chote kwa siku moja atagoma. Nichanganye kidogo kidogo na chakula chake cha zamani, kwa siku kumi. Nilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ili harufu iamke. Nimpe mara nne kwa siku, kidogo kidogo, wala nisimshindilie mdomoni, maana mbwa akilazimishwa atakichukia chakula hicho maisha yake yote. Nikafanya yote hayo. Alianza kula, lakini alikula tu Mama akiwa ameketi pembeni naye anakula. Unakumbuka Baba alivyokuwa, hagusi vijiti vyake vya kulia wali kabla Gonta hajakaa kushoto kwake. Gonta hajawahi kula peke yake katika nyumba hii.

Basi wakawa wanakula pamoja. Asubuhi Mama anapakua wali wa kwanza, anamwekea Baba kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, mbele ya picha yake, pamoja na kipande cha samoni wa chumvi, anagonga kengele, anamwambia hali ya hewa. Mvuke ukiisha anashusha sahani na kula yeye kile kilichoshushwa, kama tulivyolelewa. Gonta yuko kando na punje zake. Kusema kweli nilikuwa nafurahi nikiwaona. Mama alikuwa hajamaliza bakuli la wali tangu msiba.

Hata hivyo vipimo vya mwezi wa tatu vilikuwa vibaya, na vya mwezi wa tano vikawa vibaya zaidi. Daktari alivua miwani, akaniuliza taratibu kama kuna mtu nyumbani anayempa kitu cha pembeni. Nikamjibu kwamba Mama huweka samoni kwenye madhabahu kila siku. Sikusema zaidi ya hapo. Daktari akaitikia kwa kichwa, akasema wazee wengi ndivyo walivyo, wanaua kwa upendo. Jioni ile nikakutumia ujumbe, nikakuandikia maneno yaleyale na kuyaacha yakatike palepale.

Ulipiga simu tarehe kumi ya mwezi uliopita. Nilikuwa jikoni. Sikusikia ulichosema wewe, ila nilimsikia Mama. Aliinama mbele ya simu kana kwamba unamwona, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ni uzembe wangu. Kuanzia kesho sitaweka tena."

Na kweli hakuweka. Sahani ya Baba ina wiki tatu sasa, iko kabatini imefunikwa. Kwenye madhabahu kuna glasi ya maji tu. Mama anasema Baba ataelewa, kwa vile hata alipokuwa hai alikuwa akiambiwa apunguze chumvi na hakusikia, sasa ametiishwa. Alitania hivyo mara moja, akacheka peke yake. Kwa kuwa hashushi sahani, hakai kula. Anajimwagia chai kwenye konzi ya wali, anakula amesimama karibu na sinki, dakika mbili amemaliza. Sketi yake ya kijivu ameikaza kwa pini. Na kwa kuwa Mama hakai, Gonta naye hali. Anakwenda mbele ya madhabahu saa ile ile, anasubiri, kisha anajilaza. Daktari ameniambia wazi kwamba njaa itamwondoa mapema kuliko figo.

Kaka, sasa nafika pale nilipokuwa napaogopa.

Mama hakuwahi kumpa Gonta hata punje ya chumvi. Aliyempa ni mimi.

Unajua pale dukani tunapofunga vyakula vya mchana, ngozi za samoni hubaki nyingi. Na unajua sisi watu wa Murakami, samaki anayening'inia kwenye vipaa vyetu kipupwe kizima hatutupi hata pezi lake. Nilikuwa nazifunga kwenye mfuko mdogo, naziweka kwenye aproni. Tangu mwezi wa pili, kila jioni nikifika kwenye geti dogo, nilimpa Gonta vipande vitatu au vinne, halafu nikanawa mikono kwenye bomba la nje ndipo nikaingia ndani. Mwanzoni nilijiambia ni kwa sababu amekonda na anakataa chakula cha hospitali. Lakini alipoanza kukila sikuacha.

Nitakuambia kwa nini, uniamini au usiniamini. Nilirudi nyumbani na masanduku mawili baada ya ndoa yangu kuvunjika, na katika nyumba nzima hakuna aliyesimama kunilaki. Baba alisogeza gazeti. Wewe uliniambia ningevumilia. Gonta alikuwa akisikia baiskeli ya Baba kona ya tatu, anakimbia getini mkia umesimama, na mimi nikipita hainui hata kichwa. Miaka miwili hivyo. Baba alipoondoka, jioni moja nikampa ngozi. Kesho yake nikamkuta getini ananingoja. Nilijisikia vizuri mno, Kaka. Nilikuwa nashuka kwenye baiskeli nimeshaanza kutabasamu. Nilijua chumvi ile inamfanya nini, na bado nilitaka anilaki.

Daktari aliponiuliza, mfuko ulikuwa kwenye aproni, na aproni ilikuwa mwilini mwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa nimeivaa hiyo nguo na bado nikamwonyesha daktari nguo ya Mama.

Niliacha siku tano baada ya simu yako, Mama aliponiuliza kama pini ya sketi inaonekana. Nikapiga magoti pale pale jikoni nikamwambia yote. Hakugeuka, aliendelea kuosha kikombe.

Akasema, "Nilijua. Mimi ndiye ninayefua aproni yako, Chizuru. Inanuka samaki mfukoni tangu kipupwe."

Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika lawama, kwa nini aliomba radhi kwa kosa lisilo lake. Nilitegemea aniambie mama hubeba makosa ya watoto, maneno kama hayo. Alikausha kikombe kwanza.

"Kaka yako akinikasirikia mimi, atapiga tena," alisema. "Mimi mama yake, ataniacha wapi? Akikukasirikia wewe hatapiga. Na nikifa mtabaki wawili tu."

Nilimsihi arudishe sahani ya Baba. Amekataa. Anasema alimwahidi Katsunori, na neno alilompa mwanawe hatalivunja hadi mwenyewe aliondoe. Nimemwambia mimi ndiye niliyekudanganya, kwa hiyo ahadi haina miguu. Akanijibu kwamba ahadi aliitoa yeye, si mimi. Unamjua.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Ngozi zimekwisha, na kipimo cha wiki iliyopita kimeshuka kidogo. Daktari alifurahi, na nikamweleza ukweli. Aliuandika kwenye kadi ya Gonta. Anasema akila vizuri anaweza kuifikia sikukuu ya roho za wafu kurudi nyumbani, tutakapowasha moto wa kumpokea Baba, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa nane, na pengine hata theluji. Lakini lazima ale, na ili ale lazima Mama akae, na ili Mama akae lazima sahani ya Baba ipande na kushuka. Hapo ni wewe tu. Daktari hawezi, mimi ndiyo kabisa.

Nikasirikie. Nastahili, na sitakuomba upunguze. Ila mpigie Mama kwanza, umwambie amwekee Baba samoni wake. Kuanzia saa moja jioni huwa ameketi karibu na simu akijifanya anakunja taulo. Ameshazikunja zote, mimi huzikunjua asubuhi ili awe na kazi.

Mfikishie salamu wifi, na umshukuru kwa zile soksi. Mtakapokuja, tafadhali usimbebee Gonta ngisi mkavu, hata akikutazama vipi. Na ukifika jioni usishangae kuona amelala tu ninapoingia na baiskeli yangu. Haji tena getini. Napita, namsalimu, nakwenda kumlowanishia punje zake.

Ni mimi dada yako,
Chizuru