Moto wa Uani

Jumatano, 1 Agosti 1956

Leo nimenyoosha upinde wa tatu. Mimi! Ufito wa mkole uliopinda kama mkia wa paka. Nikaupaka mafuta ya simsim, nikauzungusha juu ya makaa ya vifuu – makaa matupu, maana ndimi za moto huunguza – mpaka kiganja kikakataa kukaa juu yake. Hapo ndipo mti hutii. Nikaubana kwenye panda ya mlimau, nikaukaza, nikangoja upoe. Ukiuachia mapema unarudia ukaidi wake. Mama analalamika vifuu vyake vya kupikia vinakwisha. Na viishe.

Baba ameukagua kwa jicho moja, akauweka kando. Tangu ile homa ya mwezi wa Rajabu mikono yake ina ganzi, haisikii joto. Aliunguza pinde mbili ndipo akakubali kuniachia moto. Kuchonga anachonga bado, tena vizuri. Lakini kwa watu wa hapa Mbwajumali fundi ni Famau tu, ndiye Baba. Moto uko uani, na uani kwetu wageni wa kiume hawaingii.

Ijumaa, 3 Agosti

Bwana Mselem amekuja kuchukua upinde wake. Nyani wanammalizia mtama kule bara. Mimi nyuma ya mlango, sikio limesimama. Akauvuta, akaulegeza, akasema hajapata kuona upinde ulionyooka hivi, hata Famau wa ujanani hakuwa hivi. Hata Famau wa ujanani! Nilijiziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Baba akajibu Alhamdulillahi. Basi. Alhamdulillahi, naam, lakini na mimi nipo, Baba. Nimeudhika hata chai imenishinda.

Jumatatu, 6 Agosti

Balaa! Kamaludin, fundi wa pinde wa Siyu, amesema mbele ya watu nje ya msikiti kwamba mikono ya Famau imekufa, na pinde anazotoa si kazi yake. Kama anamsingizia, basi Famau na anyooshe ufito mbele ya watu, Ijumaa baada ya sala. Na Baba amekubali!

Mama akamuuliza atafanyaje. Mungu mkubwa, akasema. Mungu mkubwa, ndiyo, lakini kiganja atakitoa wapi? Nikamwambia aseme kweli. Alinitazama kana kwamba nimemvua kilemba. Akiunguza ule ufito hakuna atakayeleta kazi tena hapa, na moto wangu ndio utakaozimwa.

Alhamisi, 9 Agosti

Mimi na Baba hatusemezani. Hata hivyo nimemchagulia ufito mzuri kuliko yote, mkavu, usio na jicho la tawi. Nina hasira naye, lakini aibu yake siitaki.

Ijumaa, 10 Agosti

Watu wamejaa barazani kwetu. Nimeshindwa kukaa bure, naandika hapa hapa nyuma ya mlango. Mama anachungulia ufani, ananiambia.

Baba ameketi mbele ya makaa. Anazungusha. Vizuri – mkono wa kuzungusha bado anao. Ameweka kiganja juu ya ufito. Hakiondoi. Kamaludin anamuuliza, vipi, bado haujaiva? Nasikia harufu ya mafuta, yanaanza kutoa moshi. Utaungua! Uondoe, Baba, uondoe.

Ameuondoa.

Halafu sauti yake, nami sikuhitaji Mama aniambie, maana hakunong'ona: "Mkono wangu hauyui moto tena. Hizi nyuta mzisifuzo, moto wake ni wa mwanangu."

Minong'ono. Kamaludin anauliza mwana yupi, Famau ana mwana gani wa kiume? Bwana Mselem anacheka, anasema kumbe!

"Mwanamkisi," Baba anaita. "Ndoo." Niende, mbele yao!

Mama ananitupia buibui. Machozi yananitoka, na si ya hofu, wallahi si ya hofu. Kiganja kimejaa wino, nakifuta kwenye kanga. Ameniita tena, kwa jina, mbele ya Mbwajumali nzima. Ufito unapoa –